Mpaka Siku Ile Ni Yake

Isiolo, Jumapili baada ya adhuhuri

Talaso mwanangu,

Salaam aleikum. Unisamehe kwanza, halafu usome. Uliniomba barua hii tangu siku ile jina lako lilipotoka kati ya walimu wapya. Ulisema, "Mama, yale mambo ya aba yangu na ile fomu niandikie yote, nisiende kule kama kipofu." Nikasema kesho. Nikasema Ijumaa. Nikasema nikitoka zamu ya wodini nitakaa chini. Ukaacha kuuliza, na huko kuacha kwako ndiko kumeniuma. Sasa sanduku lako la bati liko mlangoni limefungwa kamba, lori linaondoka kesho alfajiri, na wewe umeenda kwa jirani kupakwa hina na kuaga wenzako. Najua hutarudi kabla ya magharibi, maana nyinyi mkianza kucheka hamuoni jua likishuka.

Mambo ya maji na chakula sitaandika. Unajua kuchemsha maji kuliko mimi, na ugali wangu umeucheka tangu ukiwa mdogo. Nitaandika lile uliloomba.

Unajua kwamba nyumba hii tunayolala, vyumba viwili na choo, iko kwa ploti ya baba yako na kwa jina lake. Unajua ofisi ya kodi inamdai baba yako, na kwamba deni likikaa, ploti inaweza kwenda. Lile hujui vizuri ni jinsi tulivyofika hapo, kwa sababu ulikuwa darasa la saba na mimi nilikwambia tu, "Andika." Nataka ujue kwamba hukukosea wewe. Nilikosea mimi, na nikatumia mkono wako.

Baba yako alikuwa mtu wa soko la mifugo, hiyo unakumbuka. Alinunua ng'ombe Sericho, Merti, mpaka Biliqo, akawaleta hapa kwa wanunuzi wa kutoka miji mikubwa. Unakumbuka alivyokuwa anakuchezea mchezo wa bei? Anafunika mkono wako na shuka, anakushika vidole chini yake, kidole hiki ni mia, hiki ni hamsini, na wewe unatakiwa ukubali au ukatae bila kusema neno. Ulikuwa unakataa kila mara. Alisema, "Huyu atanifilisi." Biashara yake yote ilikuwa hivyo, chini ya shuka, mkono kwa mkono, na hakuna karatasi. Lakini kodi alilipa. Kila mwaka alimpelekea karani mmoja aliyekuwa anaandikia watu barua karibu na posta, yule karani akamjazia fomu ya mapato kwa kukisia, baba yako akaweka sahihi, nakala akaiweka kwa mkebe wa majani chai. Alisema mtu mwenye ploti asijifiche kwa serikali.

Na mshahara wangu wa wodini uliandikwa kwa fomu hiyo hiyo, chini ya jina lake. Sheria yao ilikuwa hivyo. Mwanamke aliyeolewa, pesa yake ni ya fomu ya mume, na nafuu ya kodi inapewa mume. Mimi sikujali. Niliona ni vizuri hata, majina yetu kukaa karatasi moja.

Halafu ukaja ule mwaka wa kiangazi kikubwa, mwaka tuliokula mahindi ya njano ya msaada mpaka ukasema hata mate yako ni ya njano. Ng'ombe walikuwa wanaanguka huko chini, na watu waliuza kwa bei ya ngozi. Baba yako akasema ataenda Sericho kutoa wale walio na nguvu ya kutembea. Nilimwambia, "Wario, mwenyewe huna nguvu, tangu juzi unatetemeka." Akasema ni baridi ya asubuhi. Baridi gani, Isiolo, kiangazi? Mimi nafanya kazi hospitali. Kila siku naona homa inavyoanza. Nilijua, na nilimfungia chapati kwa kitambaa nikamwacha aende, kwa sababu tulikuwa tumegombana jana yake juu ya karo yako na sikutaka kuonekana bado nanuna. Hilo nalibeba mpaka leo. Ukiona mtu wako anatetemeka, Talaso, mshike nguo. Hata kama mmegombana. Hata kama watu wanaangalia.

Habari ililetwa na wachunga ngamia. Walisema alizidiwa njiani, si mbali na Sericho, watu wakamweka kivulini, hakuona jioni. Wakamwosha, wakamswalia, wakamzika siku ile ile kama inavyotakiwa, na wakaendelea kutafuta maji kwa sababu mifugo haingoji. Siwalaumu hata kidogo, wale watu walimpa baba yako kila haki ya maiti. Lakini habari ilipofika kwangu siku zilikuwa zimepita, huyu anasema nne, mwingine anasema ni zaidi ya wiki, na hakuna aliyejua kusema ilikuwa tarehe gani. Eda yangu niliianza siku habari ilipofika, kwa sababu siku nyingine ya kuanzia sikuwa nayo.

Nilikuwa ndani ya hiyo eda, nimevaa vile unakumbuka, sitoki ila kwa lazima, wodini wamenipa ruhusa, wakati bahasha ya kahawia ilipokuja. Fomu ya mapato ya mwaka. Juu yake jina la baba yako limepigwa chapa, herufi kubwa, safi kabisa. Mimi sikuweza kwenda kwa karani, na karani mwenyewe alikuwa amehamia kwao. Nikakuita. Wewe ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko watu wote wa nyumba hii. Nikatoa nakala ya mwaka wa nyuma kwa mkebe, nikakwambia, "Nakili vile ilivyo." Ukaniuliza, "Mama, hapa wanauliza kama ameuza ng'ombe." Nikasema, "Nakili." Ukauliza, "Na hapa pa sahihi?" Nikachukua kalamu, nikaweka sahihi yake. Nilikuwa naijua vizuri, ile W yake kama pembe mbili. Ukaniangalia. Ukaipeleka posta na sare yako ya shule.

Mwaka uliofuata eda ilikuwa imekwisha zamani, na tulifanya hivyo tena. Hapo sina cha kujitetea nacho.

Nikwambie kwa nini, na usicheke. Mjini hapa watu wote walikuwa wameacha kumtaja. Sokoni walisema "yule marehemu." Msikitini walishamwombea. Hata mimi nikisema jina lake, watu waliinamisha macho nikaona nawasumbua. Lakini ile bahasha haikujua. Karani wa posta alikuwa akiita kwa dirisha, "Wario! Wario yuko?" na mimi naitika, "Yuko!" nanyoosha mkono. Dakika hiyo moja, kila mara. Ofisi nzima huko mbali ilikuwa na mtu anayeandika jina lake na kungoja ajibu. Sikutaka niwe mimi wa kuwaambia. Ndiyo maana nikatuma majibu.

Baadaye nikaogopa, nikaacha kujibu. Bahasha zikaja nikaziweka kwa mkebe bila kufungua. Ofisi ya kodi ikinyamaziwa, mwanangu, haisahau. Inakadiria yenyewe. Ikasema, huyu mtu aliuza ng'ombe wengi hivi mwaka jana na mwaka juzi, basi bila shaka mwaka huu pia ameuza, na ikaongeza faini ya kuchelewa. Deni likawa juu ya deni, la mtu ambaye hata shuka yake ya sokoni nilikuwa nimeshaikata nikakushonea begi la shule.

Siku ile barua ilipotaja ploti ndipo nilipopata akili. Mwuguzi mmoja wa wodini, Mmeru, akaniambia kuna mhasibu wa kwao, Bwana Mwirigi, anakuja Isiolo siku za soko, anakaa chumba kilicho nyuma ya kinu cha posho. Nikaenda na ule mkebe. Chumba kidogo, unga unapita chini ya mlango, kila karatasi kwa meza yake ina jiwe juu kwa sababu ya upepo. Mtu mzito, miwani imefungwa na uzi upande mmoja, mwenye sauti ya juu.

"Habari ya leo, mama. Umeniletea chai?"

"Ni karatasi, bwana."

"Afadhali chai," akasema, na akamwaga mkebe wote mezani.

Alisoma muda mrefu. Mimi nilihesabu tu magunia. Kisha akainua fomu mbili zile zenye mwandiko wako.

"Mama Talaso, huyu mzee mwaka huu hapa aliuza ng'ombe?"

"Hapana."

"Na huu?"

"Hapana."

"Sasa hii karatasi inasema aliuza wale wale wa mwaka wa nyuma, hata idadi haikubadilika. Aliuzia nani? Malaika?"

Kinu kilikuwa kinanguruma nikashukuru kwa hizo kelele. Akaniangalia vizuri, akaona uso. Akavua miwani.

"Alikufa lini?"

Talaso, tangu habari ilipofika hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Watu walisema pole, walisema ni kazi ya Mungu, walileta sukari. Yeye aliuliza tu lini, kama anavyouliza nambari ya ploti. Nikasimama, nikachota karatasi zangu na unga wake, nikatoka. Nilifika mpaka kwa wauza miraa. Hapo nikakumbuka nimeacha mkebe.

Niliporudi alikuwa ameufunga, ameuweka kando ya kiti changu, na chai vikombe viwili vimekuja. Akasema, "Pole kwa ule mdomo wangu. Mke wangu ananiambia kila siku. Kaa, tufanye kazi."

Tangu siku hiyo nimekaa kile kiti mara nyingi, na nimejifunza mambo ambayo ningetaka uyabebe kabla ya mshahara wako wa kwanza. Aliniambia nisimwite tena mtu anijazie fomu kisha niweke sahihi bila kusoma, hata kama mtu huyo ni yeye. Kila mstari alinisomea, akanifanya nimweleze maana yake kwa maneno yangu, na nikikosea alinipigia meza, "Hapana, hapana, hapo wanauliza iliyoingia, hawaulizi iliyobaki!" Kila nilipomlipa kidogo alinikatia risiti. Nikamwambia haina haja, akasema, "Iko haja sana. Hata mimi niko na kodi." Ukipata mtu wa kukusaidia, tafuta anayekueleza na anayekupa risiti. Yule anayekwambia "niachie mimi" umwachie chai yake uondoke. Na karatasi zako za mshahara ziweke zote, hata ile ya mwezi mbaya. Na fomu ya mwaka wa nyuma usiinakili kamwe. Mwaka hauwi kama mwingine. Hata ukidhani hakuna kilichobadilika, kaa chini uulize nani yuko nyumbani na nani hayuko.

Uliniuliza kwa nini tulipoteza pesa yote ile miaka hiyo. Ni hivi. Wodini mimi bado nilikuwa nimeandikwa mwenye mume, kwa hivyo nafuu ya kodi ilikuwa inangoja mume aidai, na mume alikuwa mchangani. Kuna nafuu ya mwanamke aliye peke yake na mtoto wa kulea. Ningeipata tangu mwanzo kama ningesema ukweli. Viatu vyako vile vya kidato cha pili, vilivyokuwa vinakunywa maji, vingekuwa vizima. Nilificha macho yangu nisivione.

Sasa kuhusu baba yako. Bwana Mwirigi alisema lazima tuoneshe biashara ilisimama. Lakini ya chini ya shuka utaionesha vipi? Nilidhani tumekwama. Yeye akauliza kama ng'ombe walikuwa wanatembea na vibali. Nikasema ndiyo, mtu hapitishi ng'ombe kizuizini bila kibali cha ofisi ya mifugo. Basi tukaenda ofisi ya mifugo, tukakaa na yule karani wao siku mbili tukifungua mafaili. Vibali vya baba yako vilikuwa huko vyote, kila safari, ng'ombe wangapi, kutoka wapi. Bwana Mwirigi akavipanga mezani kwa tarehe, jiwe juu ya kila mwaka. Safari ya Merti. Safari ya Biliqo. Kulamawe. Sericho. Sericho tena. Ilikuwa kama kumwona anatembea. Kisha cha mwisho, cha kuchukua ng'ombe Sericho mwaka ule wa kiangazi, na baada yake meza tupu.

"Hapa anasimama," Bwana Mwirigi akasema, polepole kwa mara ya kwanza. Akanieleza kazi iliyobaki. Zile fomu mbili tuliandika barua ya kuzifuta, mimi nikasema wazi kwamba niliziweka sahihi mwenyewe na kwamba mtoto hakuwa na kosa. Hiyo nililazimisha iandikwe. Naweza kutozwa kitu kwa hilo, alinionya, na nikasema sawa. Miaka inayofuata ni yangu, kwa jina langu. Lakini ule mwaka wa katikati, alisema, una watu wawili. Mapato ya kutoka mwezi wa kwanza mpaka siku aliyokufa ni yake, na mimi namjazia kama mwakilishi wake. Kuanzia hapo ni yangu.

"Mpaka siku ile ni yake," akasema, akichora mstari kwa kidole juu ya unga. "Baada ya ile ni yako. Sasa nipe siku."

Nilitaka kumuuliza, na hiyo siku yenyewe ni ya nani? Sikuuliza. Nilimwambia sina. Akasema bila siku na bila shahidi, serikali haina marehemu, ina mtu asiyelipa.

Akoo yako, mama yake baba yako, alikataa kabisa mwanzoni. Nilienda Kulamawe kumwomba aweke kidole kwa taarifa ya familia. Alinifukuza kwa maneno. "Umeshindwa kumlilia, sasa unamwandika! Serikali ikishaandika haifuti. Wewe unataka nini, unataka kuolewa?" Nilikaa nje ya nyumba yake na kile kidau cha wino kwa mkoba mpaka mbuzi wakarudi. Nikamkamulia. Baada ya swala akatoka, akakaa karibu nami, akasema, "Wakichukua ile ploti, huyu Talaso ataitwa wa wapi?" Nikasema sijui, akoo. Akanyoosha kidole gumba. Nikakishika, kilikuwa kimekauka kama kwato, nikakibonyeza kwa wino, kisha kwa karatasi. Akafuta wino kwa mtandio wangu, makusudi kabisa. "Haya," akasema, "na wewe ubaki na alama." Mtandio ule ndio niliokufungia juu ya nguo zako. Doa halikutoka, na mimi sikulisugua sana. Kesho lori likisimama Kulamawe atakuwa barabarani na maziwa. Shuka umsalimie. Usimlilie, yeye hapendi. Lia ukishapanda.

Na sasa Sericho. Ile barua yako ya kazi ilipofika na nikaona jina la mahali, nilikaa chini kwa jiwe la kufulia. Ulidhani ni uchovu. Nilikuwa nataka kwenda ofisi ya elimu kupiga magoti wakubadilishie, wakupeleke popote, hata mbali zaidi. Mahali palipomchukua yeye sitaki pakuone. Nilifika mpaka kwa lango lao. Halafu nikajiona, mwanamke anayeogopa jina la mahali, anataka kumfundisha mtoto wake kuogopa hivyo hivyo. Nikarudi nyumbani nikakupigia nguo pasi.

Miaka hii yote ningeweza kwenda. Usifikiri ilikuwa kazi peke yake. Malori ya Sericho yanatoka hapo sokoni, nayaona. Mara moja, ulikuwa kidato cha kwanza, nilichukua ruhusa, nikapanda, nikakaa juu ya magunia ya sukari na mkoba wangu. Dereva akapiga injini. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, nimesahau kitu," nikashuka. Akangoja, maskini. Alipiga honi mara kadhaa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa msikiti nasikiliza, mpaka akachoka akaenda. Nilijiambia nisipoona kaburi, basi ni maneno tu ya wachunga ngamia. Unaona tulivyofanana, mimi na ile ofisi ya kodi. Sote wawili tulikataa kuamini bila kuona.

Sikukulea vizuri kwa jambo hili. Ulikuwa mtoto unayetaka kumlilia baba yako, na mimi nilikupa kalamu umwandike kama mzima. Kisha ukaona aibu kulia mbele yangu. Nilikusikia ukilia chooni, nikapita nikaenda kuteka maji. Ningejua sasa ningegonga mlango.

Jua limeanza kuingia kwa dirisha la jikoni, na nasikia sauti zenu huko kwa jirani. Nimalize na yale ninayohitaji. Ofisi ya kodi wametupa muda mpaka mwisho wa mwezi wa sita, na Bwana Mwirigi anasema kila kitu kingine kiko tayari, fomu zote zimejazwa kwa penseli, anangoja haya tu ndipo azipitishe kwa wino na mimi niweke sahihi. Yangu, safari hii. Kwa hivyo nitumie, kwa mkono wa dereva unayemwamini, yakiwa ndani ya bahasha iliyofungwa:

Barua ya chifu wa Sericho yenye muhuri, inayosema Wario alikufa na kuzikwa katika eneo lake. Iwe na tarehe. Kama hawajui tarehe, waulize ilikuwa siku gani ya wiki, mwezi ulikuwa mwandamo au mpevu, ilikuwa kabla au baada ya gari la mahindi kufika. Bwana Mwirigi anasema kwa hayo chifu ataipata.

Majina ya watu wawili waliokuwepo akizikwa, na nambari za vitambulisho vyao. Kama hawaandiki, waweke kidole. Kidau cha wino nimekiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto. Uwape sukari, ile pakiti ya juu ni yao. Uwaambie mke wake anasema ahsante, na kwamba amechelewa kusema.

Mkoba wake wa ngozi, kama kuna mtu alimwekea. Ndani kulikuwa na kibali cha kurudi na ng'ombe. Mkoba wenyewe akitaka kubaki nao abaki nao. Nahitaji karatasi tu.

Barua ya mwalimu mkuu wako kwamba umeanza kazi, maana mwaka huu siwezi tena kukuandika mtoto ninayemlea. Bwana Mwirigi alipokata jina lako kwa ile sehemu nilimwomba anipe dakika.

Na moja zaidi. Ukishapata nafasi, siku si ya shule, mwombe mmoja wa wale waliomzika akupeleke kaburini. Soma dua. Halafu uniandikie liko upande gani wa njia ukitoka huku. Kama mawe bado yamesimama, au mbuzi wameyasukuma. Kama kuna mti, ni mti gani, na kama alasiri kivuli chake kinamfikia. Hilo halina mahali kwa fomu yoyote. Nitumie hilo kwanza.

Mama yako